Beringi Alizozikataa Gibson

Gibson Mwandawiro hakuwa mtu wa kukaa. Kanisani alisimama karibu na mlango akisingizia joto. Mezani alikula akiwa ameinuka nusu, mkono mmoja na kijiko, mwingine tayari unatafuta kofia. Hata siku alipokwenda kuposa kwa kina Mkamburi, huko Mbololo, wazee walimwambia aketi mara tatu, na mara zote tatu aliketi, akainuka. Mkamburi alimkubali hivyo hivyo. Baada ya miaka ishirini na mbili ya ndoa alikuwa ameshazoea kuzungumza na mgongo unaoondoka.

Mtu wa namna hiyo humfungi kwenye kazi inayoendeshwa kwa kengele. Alikuwa katika karakana ya reli miaka kumi na minne, na alikuwa fundi hodari, hilo hata waliomchukia walikiri. Lakini walipoanza kumtaka ajaze fomu kabla ya kushika spana, alivua ovaroli, akaitundika kwenye msumari, akatoka mchana kweupe. Akafungua gereji yake mwenyewe Kaloleni: mabati kumi na mawili, shimo la kusimama chini ya gari, na makelele yake.

Sasa, namna alivyochagua beringi, zile pete za chuma zenye gololi ndani, maana hapo ndipo penye maneno. Gibson aliishika beringi kwa vidole viwili, akaileta sikioni, akaitikisa. Ikinyamaza, ni nzima. Ikilia, hata kidogo, hata kama imetoka kwenye karatasi yake ya mafuta mbele ya macho yako, itupe. Ndivyo alivyofundishwa kwenye reli. Na Voi ya miaka ile ilimpa sababu zaidi ya kuamini hivyo, kwa kuwa walikuwapo wajanja waliookota beringi zilizochoka, wakaziosha kwa mafuta ya taa, wakazipaka grisi, wakazitia kwenye boksi jipya na kukuuzia huku wakikuita ndugu yangu. Gibson alikuwa amewanasa wawili. Mmoja alimkimbiza kutoka sokoni hadi kwenye reli.

Mwaka wa sabini na nne Danson, mdogo wake Mkamburi, alileta Peugeot 404 yake ya buluu. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, rangi imeanza kuparara, lakini injini yake ilikuwa imefumuliwa Mombasa na kuundwa upya kwa ajili ya mashindano: kabureta mbili badala ya moja, kichwa cha injini kimechongwa, na mngurumo ambao Danson aliupenda kuliko alivyopenda kula. Nguvu hiyo yote ilipita kwenye giaboksi ile ile ya zamani, na giaboksi ilikuwa imeanza kulalamika. Danson alitaka ifungwe upya kabla ya mashindano ya Pasaka. Magari yangetoka Voi hadi Taveta, yarudi mpaka Mwatate, yapande Wundanyi, yashuke zile kona, yamalizie Voi.

Beringi alikuja nazo mwenyewe. Alikuwa amezinunua kwa Munyao, mwenye duka la vipuri karibu na stesheni, akifuata karatasi aliyoandikiwa na yule fundi wa Mombasa aliyeunda injini.

Gibson akatikisa ya kwanza. Ikalia. Akatikisa ya pili. Ikalia.

"Shemeji, umeuziwa maiti," alisema.

"Hizo ni mpya, shemeji. Munyao amefungua boksi nikiona."

"Boksi ndiyo mpya. Hebu sikiza hii inavyocheza."

"Lakini fundi wa Mombasa aliandika hizi hizi. Ameandika mpaka herufi za mwisho."

"Huyo fundi wa Mombasa atakuwa ndani ya gari ukishuka Wundanyi?"

Kubishana na Gibson kulikuwa kazi ngumu, kwa sababu kabla hujamaliza hoja yako alikuwa ameshafika upande wa pili wa gari. Jioni ile ile Gibson alipanda treni ya Mombasa, na baada ya siku mbili akarudi na beringi nyingine. Namba zilikuwa zile zile, ila hazikuwa na herufi za mwisho. Zilikaza vizuri. Ukizitikisa, kimya. Akazifunga kwa mikono yake, akaweka moja ya akiba kwenye rafu, na zile za Munyao akazitupa ndani ya kopo, azirudishe siku akipata hasira ya kutosha.

Wiki ya mashindano, msoma ramani wa Danson aliangushwa na malaria. Hapo ndipo Wakio, kifungua mimba wa Gibson, alipojitokeza. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka mzima alikuwa amefundisha Taveta, akiijua barabara ile kona kwa kona. Mkamburi alikataa. Alikataa Jumatatu, akakataa Jumanne, na Jumatano akaacha kusema na mtu yeyote nyumbani. Gibson yeye alikuwa amekubali zamani, kabla hata msichana hajamaliza kuomba.

Jumamosi saa moja asubuhi gari namba tisa likaondoka Voi. Danson kwenye usukani, Wakio pembeni na ramani mapajani, kitambaa cha manjano kichwani. Wakio aliwapungia mkono waliobaki mara moja, halafu vumbi likalifunika gari.

Gibson akarudi gereji. Akafagia. Akafagia tena. Akatoka hadi barabarani, akatazama upande wa Mwatate kana kwamba angeweza kuona kitu, akarudi. Ilikuwa saa mbili tu. Mtu wa aina yake akikosa cha kushika hutafuta wa kugombana naye. Akalichukua lile kopo, akaenda dukani kwa Munyao.

Munyao alikuwa Mkamba mnene, mpole, asiyefanya jambo lolote kwa haraka. Alimwacha Gibson aseme yote: wizi, mafuta ya taa, grisi, ndugu yangu. Alipomaliza, Munyao akafuta mikono, akavuta droo, akatoa kitabu chenye jalada lililochakaa, akalamba kidole, akafungua.

"Fundi, njoo uone. Hapa mwishoni kuna C na tatu. Unaona? Hiyo maana yake ndani wameacha nafasi kubwa kuliko kawaida. Wameiacha makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Ya moto. Mashine ikichemka sana, chuma kinavimba. Hii ikivimba inajaza ile nafasi yake, inakaa sawa. Ile isiyo na nafasi ikivimba, inajibana yenyewe. Kwa pikapu ya kubeba nyanya haina neno, itaishi miaka. Lakini injini ya mashindano, fundi? Ile ya Danson?"

Gibson alisoma ule ukurasa mara tatu akiwa amesimama. Kiingereza chake kilikuwa cha karakana, lakini kilitosha. Hakuaga. Munyao, ambaye hakuna mtu Voi aliyewahi kumwona akikimbia, alifunga duka akamfuata mbio.

Gereji, Gibson aliichukua ile beringi ya akiba kwenye rafu, akaigonga kwenye shafti ya zamani, mhimili wa chuma, mpaka ikakaa barabara, akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka bila kelele, nzuri, ya kujivunia. Akawasha taa ya kuchomea, akaipasha shafti moto. Akazungusha tena kwa kitambaa. Ikaenda nzito. Akaongeza moto. Ikaenda nusu, ikakwaruza, ikasimama kabisa, na hata alipoisukuma kwa bisibisi haikutaka kusogea. Akagonga moja ya zile za Munyao kwenye shafti nyingine, akaipa moto ule ule. Hiyo ikaendelea kuzunguka, na sasa haikuwa inacheza tena.

Gibson akaogopa. Alikuwa ameshawahi kuponea chupuchupu chini ya behewa, na hakuogopa namna hii. Alijua hasa kitakachotokea, na kujua ndiko kulikomtesa. Giaboksi ikishika, ikakataa kuzunguka, gari likiwa mbio, magurudumu ya nyuma hufunga papo hapo, na dereva hana la kufanya. Kwenye tambarare unaweza kuteleza ukaingia porini, ukatoka na mchubuko. Kwenye kona za kushuka Wundanyi, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa tupu, hakuna pa kutelezea.

"Magari yako wapi saa hii?" alimuuliza Munyao.

"Saa tatu na robo? Yako Taveta. Yanapumzika muda wa saa moja, halafu yanageuka."

Simu ya reli ndiyo iliyokuwa ikifuata njia ile yote, stesheni kwa stesheni. Gibson alivuka reli bila kutazama huku wala huku, akaingia ofisi ya stesheni aliyoapa kutoikanyaga tena. Zamuni alikuwa Josphat, mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi na kukosana naye karibu yote.

"Piga Maktau," Gibson alisema. "Pale barabara inapokata reli, waweke mtu na bendera nyekundu. Asimamishe gari namba tisa, Peugeot ya buluu. Mengine yapite."

"Hakuna treni saa hii. Nisimamishe gari la mashindano kwa sababu gani? Nikiulizwa niseme nini?"

"Sema Gibson amekosea."

Josphat alimtazama kidogo. Katika miaka kumi na minne hakuwahi kuyasikia maneno hayo kutoka mdomo ule. Akainua simu.

Wakaondoka na pikapu ya Munyao. Gibson alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkono mmoja nje ya dirisha akiupigapiga mlango kana kwamba anamhimiza punda. Walipita Mwatate, wakapita Bura. Kila vumbi lililotokea mbele lilimkata pumzi, kwa sababu lingeweza kuwa Danson ambaye hakusimama. Likapita gari namba mbili, likapita namba tano, yakapita mengine mengi. Gibson alikuwa akisoma namba kwa sauti, na kila ambayo haikuwa tisa alimshukuru Mungu, kisha akaanza kuogopa upya: huenda namba tisa imeshashika mahali, imelala porini, na hakuna anayejua.

"Kwani huyu Danson atatii bendera?" aliuliza.

"Amezaliwa karibu na reli," Munyao alisema. "Atatii."

Alitii. Walipofika Maktau waliliona gari la buluu limesimama kabla ya reli, na mbele yake mlinzi mmoja mwembamba ameshika bendera nyekundu kwa mikono miwili. Danson alikuwa amesimama mbele ya mlinzi huyo, ametapakaa vumbi mpaka kope.

"Shemeji! Afadhali umekuja. Mwambie huyu mtu wenu. Nusu saa nimesimama, treni hakuna! Magari yote yamenipita! Nilikuwa wa tatu, shemeji, wa tatu!"

Mlinzi alimgeukia Gibson. Ingekuwa rahisi sana kusema reli wamechanganya mambo, na Danson angeamini, kwa kuwa Gibson alikuwa amewatukana watu wa reli miaka yote hiyo bila kuchoka.

"Treni hakuna," Gibson alisema. "Aliyekusimamisha ni mimi. Beringi zako zilikuwa nzuri. Nilizozifunga ndizo mbaya."

Akamweleza, kwa haraka, maneno yakikanyagana. Danson alisikiliza mdomo wazi, kisha akatikisa kichwa. Gari lilikuwa zima, alisema. Lilikuwa linavuta vizuri. Ilikuwa bado kupanda kidogo na kushuka, basi, na sasa yote yamepotea kwa sababu ya kitabu cha Munyao.

"Inua gurudumu moja," Gibson alisema. "Toa gea. Zungusha mwenyewe, usiniamini mimi."

Danson akaweka jeki kwa hasira, akainua gurudumu la nyuma, akalishika kwa mikono miwili, akavuta. Likaenda robo, likashika. Akavuta kwa nguvu, likaachia kwa mkwaruzo, likashika tena. Harufu ya mafuta yaliyoungua ilikuwa inapanda kutoka chini ya gari. Danson alivuta mara ya tatu, halafu akaliachia na kuchuchumaa pale pale karibu nalo. Gibson alisubiri atukanwe. Alikuwa amejiandaa tangu Voi, na alitaka kutukanwa, angalau ingekuwa imekwisha.

Wakio ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mlango wazi, ramani bado mapajani.

"Nilihisi tangu tulipopita Bura, tukienda," alisema. "Kwa miguu. Sakafu ilikuwa inatetemeka, inaacha, inatetemeka tena."

"Tangu Bura?" Danson aliinua kichwa. "Na hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia, mjomba. Nikafungua mdomo kabisa." Akamtazama baba yake, si kwa lawama, kama anayeeleza jambo la kawaida tu. "Halafu nikasema, lakini hii ameifunga baba. Basi nikaendelea kusoma kona."

Kutoka Bura hadi Taveta, na kurudi mpaka hapo Maktau, ni zaidi ya kilomita mia moja. Wakio alikuwa amezikaa zote juu ya sakafu ile inayotetemeka.