Amplifaya Iliyovishwa Viatu

Shemeji yangu anatengeneza amplifaya za nyumbani. Mtaani wanamwita Kilo. Mteja akimuuliza mashine ina nguvu kiasi gani, yeye hamjibu. Anamwambia, "Inyanyue." Mteja akishindwa, biashara imekamilika. Akiweza, Kilo anamtazama kama mtu aliyetukanwa.

Ni mdogo wa marehemu mke wangu. Alianza kufungua vitu akiwa mtoto, na mke wangu alikuwa akisema kwao hakuna alichokifungua kikafungika tena sawasawa, hata mlango wa choo.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la dobi. Mvuke wa pasi unaingia, yeye anatoa moshi wa kulehemu, wanabadilishana. Masanduku ya mashine zake anayakata kutoka kwenye makabati ya chuma yanayotupwa na maofisi. Ndiyo maana moja ina tundu la ufunguo ubavuni, na hakuna anayejua inafunguliwa na nani. Ile aliyomuuzia kinyozi ilibaki na mkono wa droo mbele. Kinyozi anatundika taulo hapo. Skrubu anatia alizonazo. Kwa Kilo, skrubu mbili zikifanana ujue ni bahati mbaya.

Mimi ni fundi viatu. Shule sikwenda. Lakini kiatu sikitazami usoni, nakigeuza. Nabonyeza kisigino, navuta soli, natazama mshono pale ambapo mwenye kushona alidhani hakuna atakayetazama. Amplifaya nazo nazitazama hivyo hivyo. Sijui njia nyingine.

Ile ya nyumbani kwangu ndiyo ya kwanza aliyotengeneza ikafanya kazi. Alimpa dada yake tulipooana. Watu wengine walileta masufuria. Yeye alileta chuma kilichobebwa na wanaume wawili, na mmoja alilala mgongo chini wiki nzima. Kwa kuwa sisomi, mke wangu alitia alama mbili za rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti. "Hapa ndiyo sauti yako," akaniambia. "Hapa ndiyo yangu." Yake ilikuwa juu zaidi. Kila kitu chake kilikuwa juu zaidi.

Kasoro yake ilikuwa moja. Ilivuma. Ukiiwasha, hata kama hujaweka redio wala wimbo, ule mtambo wa umeme wa ndani, transfoma wanaiita, ulitikisa bati zima. Mmmmm, kutwa. Paka alilala juu yake kwa ajili ya joto, naye akikoroma hujui yupi ni yupi. Tulizoea kuongea kwa kupaza sauti. Majirani walidhani tunagombana. Mara nyingine walikuwa sahihi.

Kilo akija, dada yake alikuwa akimwambia kabla hajakaa, "Hii mashine yako ina nyuki."

"Wiki ijayo, Dada, nakuja kuwatoa."

"Mwongo wewe," anamjibu, anampakulia.

Ilikuwa hivyo mpaka wote wakaota mvi. Kilo hakuwahi kuja na bisibisi. Tumbo tu.

Mke wangu alifariki mvua zilizopita. Hilo sitalieleza.

Baada ya watu kumaliza kuja na kuondoka, nilibaki na mashine na paka. Asubuhi nikitoka kwenda kibandani naiwasha, bila redio, bila chochote. Nikirudi naisikia kabla sijafungua mlango. Mmmmm. Ni upuuzi, najua. Lakini nikiusikia ule mvumo naingia ndani kama mtu anayeingia kwake.

Siku moja nikarudi, nje kimya. Nikadhani umeme umekatika. Ndani nikamkuta Kilo, anayejua ninapoacha ufunguo, amekaa sakafuni, bisibisi mdomoni. Mashine inawaka taa yake nyekundu, haitoi neno.

"Shemeji," akasema. "Nimewatoa nyuki."

Alikuwa amekaza transfoma mpaka nati zikalia. Chini ya sanduku aliweka mipira, vipande vinne, amekata kwenye soli nene alizozikuta kwenye boksi langu chini ya kitanda, akavibandika kwa gundi yangu mwenyewe.

"Nimeivisha viatu," akasema. "Haitikisi tena. Bandika sikio."

Nikabandika. Ni kweli. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alianza kucheka, kicheko kikageuka katikati, akajifuta uso kwa kitambaa cha grisi.

"Nilimwahidi," akasema.

Mtu akilia mbele yako na uso wake umejaa grisi, utamwambia nini? Nilimwambia, "Ahsante, Shemeji." Akaenda zake mtaani na uso ule mweusi, hakujua.

Paka aliendelea kulala juu ya mashine kama kwamba hakuna kilichotokea. Msaliti. Mimi nilishindwa. Nikiingia ndani nakaa kwenye kiti, nasimama. Nilianza kuchelewa kurudi. Nilitengeneza mpaka viatu visivyo na wenyewe.

Nikaona heri nitafute amplifaya nyingine inayovuma. Niiweke pale, ile ya Kilo niifunike kitambaa, asijue. Hapa mjini watengenezaji wadogo wako watatu. Mmoja ndiye huyo Kilo. Nikaenda kwa wale wawili.

Wa kwanza tunamwita Taa. Mashine zake zinawaka bluu, kijani, zambarau, mpaka mwenyewe anavaa miwani ya jua dukani.

"Karibu, Mzee. Hii inaimba na kucheza. Unaona?"

"Naona. Nimekuja kusikia."

Nikaigeuza juu chini, kama kiatu. Ndani kitu kikateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine, kikagonga.

"Kuna nini humo?"

"Besi hiyo, Mzee."

"Besi inatembea?"

"Iweke chini polepole, tafadhali."

Nikabonyeza mfuniko kwa kidole gumba. Ukaingia, ukarudi, poh, kama kopo la mafuta. Nikagusa mguu mmoja wa plastiki, ukabaki mkononi mwangu. Nikampa.

"Huo ulikuwa wa ziada," akasema, akautia mfukoni.

"Inavuma?"

"Hata kidogo."

Akaiwasha. Haikuvuma, ilichachatika, kama kitu kinakaangwa chumba cha pili. Nikamshukuru, nikatoka. Baadaye nilisikia kilichokuwa kinatembea mle ndani ni nusu tofali. Taa alikuwa ameona wateja wanavyopenda kunyanyua za Kilo, naye akawapa cha kunyanyua.

Wa pili ni mwanamke, Mama Waya. Zamani alikuwa fundi cherehani. Akanifungulia mfuniko mwenyewe, hakusubiri niombe. Nyaya zimelala pamoja, zimefungwa kwa uzi, fundo baada ya fundo, hata zile za chini kabisa zisizoonekana. Nikabonyeza bati, halikubonyea. Nikazungusha kitufe, kikaenda laini kama kufuli jipya lililotiwa mafuta. Skrubu zote za aina moja. Nilitafuta kosa nikakosa. Ningekuwa na kofia ningeivua.

"Iwashe," nikamwambia.

"Imewaka, Mzee."

Nikabandika sikio. Kimya.

"Mbona haisemi?"

"Ikisema kabla hujaiwekea wimbo, ni mbovu hiyo."

"Unayo mbovu?"

Akaweka chini chuma chake cha kulehemu. "Watu huja hapa kutafuta nzima."

"Najua, mama."

"Mbovu nenda kwa Kilo."

"Ndiko nilikotoka. Naye ameharibika siku hizi, ameanza kutengeneza nzuri."

Hakucheka. Alinitazama, akaniuliza kama nyumbani nina mtu wa kunipikia. Nikamwambia nina paka.

Haikupita muda Kilo akaja kibandani kwangu. Nilikuwa nagonga soli, misumari mdomoni. Misumari mdomoni ni kinga nzuri. Hakuna anayeweza kukulazimisha kuongea.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Nasikia siku hizi wewe ni mkaguzi."

Nikagonga msumari.

"Umekwenda kwa Mama Waya. Sawa, yule anajua kazi, nanyamaza. Lakini kwa Taa, Shemeji? Anatangaza mtaa mzima kwamba ukoo wa Kilo unanunua kwake. Kwa Taa. Mtu anayetia tofali."

"Nusu," nikasema kupitia kwenye misumari.

"Nimekutengenezea ile mashine kwa mikono hii. Sijawahi kufanya kazi kama ile. Ina tatizo gani?"

Nikatikisa kichwa.

"Haina?"

Nikatikisa tena.

"Sasa ulikuwa unatafuta nini huko?"

Nilimwangalia. Macho yalikuwa yameanza kumlowa kama siku ile. Nikajua kwamba nikinyamaza, ataondoka akiamini nimeikataa zawadi ya dada yake, na hatakuja tena. Na nikisema, nitakuwa nimeikataa kweli. Nikatema misumari kiganjani.

"Warudishe nyuki," nikasema.

"Nini?"

"Ule mvumo. Urudishe."

 Msichana mmoja akaleta kandambili iliyokatika, nikaipokea, akaenda. 

"Maisha yangu yote nauonea aibu ule mvumo," Kilo akasema. "Dada yangu amekwenda nao. Kila siku nasema wiki ijayo."

"Wewe ulikuwa unakuja mara moja moja. Siku ambazo hukuja ndizo alizokusema zaidi. Mashine ikivuma anasema, huyu mwongo hajaja. Kisha anakuwekea chakula pembeni. Mimi ndiye niliyekuwa nakila."

"Chakula changu?"

"Kilikuwa kinaharibika."

"Miaka yote hiyo unakula chakula changu?"

"Ulikuwa hufiki."

Akainuka, akajipangusa suruali. "Chukua koleo lako," akasema. "Twende."

Tulimtoa paka juu ya mfuniko, akatulaani kwa lugha yake. Kilo akafungua. Tukapindua mashine ubavuni, nusura ituvunje miguu. Kubandua ile mipira ilikuwa kazi. Gundi yangu ni nzuri, ilitutesa. Kipande kimoja nilikitambua, kilitoka kwenye soli za viatu vya mwalimu mmoja aliyeleta viatu akahama mji. Nikavivuta vyote vinne kwa koleo, vikatoka na rangi ya bati.

"Imevuliwa viatu," nikasema. "Washa."

Akalegeza nati za transfoma, akawasha. Nyumba nzima ikatetemeka. Paka akakimbilia chini ya kitanda. Kikombe kikatembea mezani.

"Hiyo ni lori," nikamwambia.

Akaingiza spana, akakaza. Kimya.

"Hiyo ni ya Mama Waya."

"Usinitukane. Nani aliyekwambia mimi najua kutengeneza mbovu kwa makusudi? Zilikuwa zinatoka zenyewe."

Akalegeza kidogo. Ikaja nyembamba, kama mbu.

"Nzito zaidi."

"Hivi?"

"Rudi nyuma."

"Shemeji, umekuwa kondakta wa bendi."

"Rudi, nimesema."

Akageuza spana kidogo sana, jasho linamdondoka puani. Mmmmm. Nikakaa kwenye kiti changu. Nikafumba macho.

"Hapo?" akauliza Kilo.

"Sema kitu."

Akasema kitu.

"Nini?" nikamuuliza.

Akasema tena, sikumsikia vizuri. Nikamwambia basi, ni hapo hapo, asiguse.

Naye alikuwa ameusikia, mvumo ule ule wa siku zote. Aliacha mkono kwenye spana, kichwa ameinamisha juu ya sanduku wazi. Mimi nilitazama dirishani. Kulikuwa na mtu anapita na baiskeli, nikamtazama mpaka akaisha.

"Nati hizi zitalegea zenyewe," akasema baadaye, kwa sauti ya kikazi. "Inatakiwa tone la rangi pale juu, zikae hivi. Una rangi?"

Rangi sina. Nikaenda kwenye rafu ya mke wangu, ambayo sijaigusa, nikachukua ile chupa ndogo ya rangi ya kucha. Ilikuwa imekaribia kukauka. Nikaisugua baina ya viganja kupata joto, nikampa. Akatia tone kwenye kila nati, taratibu, amebana pumzi, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kupaka kitu bila kumwaga. Akapuliza zikauka. Akafunga mfuniko kwa skrubu tano zisizofanana. Ya sita aliitafuta, hakuiona, na sikuwa na haja nayo.

Nikazungusha kitufe mpaka kwenye alama. Siyo yangu. Ile ya juu.

Nikampakulia. Alikula kama mtu anayedai, akamaliza, akalamba vidole, akasema kumbe na mimi najua kupika. Nikamwambia nilikuwa na mwalimu mkali. Paka alitoka chini ya kitanda, akapanda juu ya mashine, akazunguka mara mbili, akalala.

Kilo akaondoka. Akiwa mlangoni akageuka, akapaza sauti ili nimsikie.

"Hii mashine ina nyuki," akasema. "Wiki ijayo nakuja kuwatoa."

"Mwongo wewe," nikamjibu.

Hakusikia. Ikabidi nirudie.