Vidole vya Mama Mashuka

Kama kuna mtu aliyestahili kupumzisha mikono yake hapa duniani, ni Mama Mashuka. Na kama kuna watu waliokula kiapo kwamba hatapumzika, ni wale wa ofisi ya mafao.

Jina hilo alilipata hospitalini, kwenye chumba cha kufulia, alikoingia akiwa msichana na kutoka akiwa bibi wa watu. Chumba chenyewe kilikuwa na mvuke asubuhi hadi jioni, sakafu ya kuteleza, na mashine mbili kubwa za kufulia: moja mbovu, nyingine inayojiandaa kuwa mbovu. Zilipogoma, mashuka ya wodi zote yalifuliwa kwa mkono, na kugoma ndiyo ilikuwa kazi yao hasa. Damu inataka maji baridi kwanza, ukianza na ya moto umeipika na haitoki tena. Kisha sabuni, kisha kuloweka kwenye dawa ya kung'arishia, ile kali inayochoma pua na kutoa machozi. Glavu za wafuaji ziliagizwa kila mwaka, na kila mwaka zilipofika ziliishia wodini. Mama Mashuka alilalamika mpaka akapachikwa sifa ya mkorofi. Kila bosi mpya alimpa pole, na hakuna aliyempa glavu.

Siku ya kuagwa alisimama mbele ya wenzake, akainua mikono yote miwili juu.

"Mikono hii haifui tena nguo ya mtu," alisema. "Hata leso ya mume wangu, afue mwenyewe!"

Watu waliangua kicheko. Mumewe alicheka kuliko wote, kwa kuwa alidhani ni mzaha. Yeye alikuwa mlinzi wa geti la hospitali hiyo hiyo, na watu walimwita Kamanda kwa sababu alipiga saluti kwa kila kilichopita getini, hata gari la takataka.

Karani wa mafao, kijana mpole mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, alimwambia Mama Mashuka kwamba malipo ya kwanza huchukua kama wiki tatu.

"Mbona mshahara haukuchukua wiki tatu kukoma?" aliuliza. "Ule ulikoma siku ile ile."

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu."

Hata hivyo alingoja. Mshahara wa Kamanda ulikuwepo bado, mdogo lakini wa uhakika, ukalipa kodi ya vyumba vyao viwili na kubakiza cha kuweka sufuriani. Mama Mashuka akajifunza kukaa. Aliweka kigoda mlangoni, akanywa chai mpaka ikaisha bila kuitwa na mtu, akatazama nguo za majirani kwenye kamba na kuzikosoa kimoyomoyo. Ilikuwa raha, tusidanganyane. Wiki tatu zikaisha, akavaa gauni lake la kutokea, akaenda kuchukua chake.

Hapo ndipo alipoelezwa habari za mfumo mpya. Serikali ilikuwa imechoka kulipa wastaafu hewa, kwa hiyo kila mstaafu sasa lazima asomwe alama za vidole kabla ya malipo ya kwanza kutoka. Jambo dogo tu, karani alisema, dakika moja. Akamsogezea kimashine chenye kioo kidogo, akamwambia aweke dole gumba. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka la pili, nyekundu. Wakajaribu vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na kimashine kikavikataa vyote bila upendeleo.

"Haisomi, mama."

"Haisomi nini? Si vidole hivi? Au nilete vya jirani?"

"Mfumo haukutambui."

"Wewe hunitambui? Kitambulisho changu hicho hapo, picha yangu hiyo, na mwenye picha ndiye huyu mbele yako."

"Mimi nakutambua, mama yangu. Tatizo ni mfumo."

"Basi huyo Mfumo yuko chumba gani, nikamwone mwenyewe?"

Foleni nzima ikacheka. Karani naye alitabasamu, akamwambia arudi wiki ijayo. Mama Mashuka aliona kwamba kola ya shati lake ilikuwa na ukoko wa sabuni isiyosuuzwa vizuri, na jambo hilo nalo likamuudhi.

Foleni ya wastaafu haikosi waganga. Mmoja alimshauri apake mafuta ya mgando usiku kucha, mwingine asugue vidole na ndimu, wa tatu akaapa kwamba dawa ni kupuliza pumzi ya moto kwenye kioo. Akafanya yote. Alirudi akiwa na vidole vya mafuta, akarudi na vya ndimu, akapuliza kioo hadi karani akalazimika kukifuta kwa tai yake. Kila safari ilikuwa nauli, na kila safari ilimalizika na wiki ijayo. Mtu mzima anapigwa kalenda waziwazi, halafu anatakiwa aseme asante.

Katikati ya hayo Kamanda naye akastaafu. Alipiga saluti ya mwisho, akakabidhi filimbi, na mshahara wake ukakatika kama ulivyokatika wa mkewe. Karatasi zake, aliambiwa, zilikuwa bado zinatembea kutoka meza hadi meza, angeitwa. Sasa nyumba ilikuwa na wastaafu wawili na pensheni sifuri. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, ila hakupokea saluti badala ya kodi.

Mama Mashuka hakumwambia mtu. Alitoa tu lile karai kubwa chini ya kitanda, akaligongagonga kutoa vumbi, akaenda kwa mwenye duka la pale kona, mwanamke mwenye mashuka mengi na uvivu wa kuyafua.

"Kama una nguo za kufua," alisema, "mimi nipo."

"He! Si ulistaafu, shoga yangu?"

"Nilistaafu. Tumbo halijastaafu."

Alicheka aliposema hivyo, lakini roho ilimuuma. Aliyekuwa ameapa mbele ya watu sasa amepinda mgongo kwenye karai la nguo za watu wengine, na bila hata ule mshahara. Habari zikaenea kwamba mfuaji wa hospitali anafua, na ndoo za mtaa mzima zikaanza kupanga foleni mlangoni kwake. Akawa anafua Jumatatu hadi Jumamosi na kwenda ofisi ya mafao siku moja kila wiki, mikono ikiwa bado inanuka dawa.

Ndipo siku moja mkuu wa dirisha la mafao, mama wa makamo mwenye miwani, alipochoka kumwona. Alitoka nyuma ya meza yake, akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa nyororo zinang'aa, hazina hata mchirizi.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Mimi mstaafu."

"Mikono yako haijastaafu. Unafua?"

"Nafua."

"Sabuni na dawa vimekula ngozi. Alama zimefutika. Lakini ngozi huota, nimeshawaona wengine kama wewe. Ukae miezi miwili bila kugusa sabuni wala dawa, alama zitarudi."

"Yaani nisifue?"

"Usifue kabisa."

"Na nisipofua, nitakula nini?"

"Si utakula pensheni yako?"

"Na pensheni nitaipata lini?"

"Vidole vikisomeka."

Mama Mashuka alimtazama kuona kama mwenzake amesikia alichokisema mwenyewe. Hakuwa amesikia. Alikuwa amesema kwa huruma ya kweli, akamrudishia mkono wake taratibu, akaita mtu mwingine.

Alifika nyumbani amefura. Alimsimulia Kamanda huku akizunguka chumba, akafika mwisho, akaanza tena mwanzo. Ili apate pensheni aache kufua, na ili aache kufua apate pensheni! Miaka yote ile amewafulia wagonjwa wa serikali, serikali hiyo hiyo imemla vidole, sasa inamuuliza vidole viko wapi. Alitukana mfumo, akatukana kimashine, akataka kumtukana hata yule mama wa miwani ila akakumbuka ndiye pekee aliyemshika mkono. Kamanda alisikiliza wima, mikono nyuma, kama alivyozoea kusikiliza mabosi.

"Basi nitafua mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ambaye soksi zako hujui zinarudije kabatini?"

"Nitajifunza. Nipe amri tu."

Na kweli alifua. Wiki ya kwanza alifulia ndani, mlango umefungwa, kwa aibu ya Kamanda mzima kuonekana na sidiria ya mtu mkononi. Joto likamshinda, akahamia nje. Mama Mashuka aliketi kwenye kigoda, mikono imepakwa mafuta na kuwekwa mapajani isiguse kitu, akawa anateseka kuliko alipokuwa anafua. Mwanamume alichanganya nyeupe na za rangi. Alikamua shuka kama anamkaba mwizi. Alisuuza mara moja akadhani kamaliza.

"Baridi kwanza! Hilo doa ni la damu, unalipika!"

"Sawa, Afande!"

"Suuza tena. Bado linateleza hilo. Ee Mungu, nipe subira."

Wateja walianza kuja mapema kwa makusudi, wakitazama. Kamanda aliwapigia saluti, povu likiwarukia. Mwenye duka aliletewa foronya zake nyeupe zikiwa zimegeuka samawati, akanuna siku mbili, kisha akarudi kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.

Polepole Kamanda akapata mtindo wake. Aligundua kwamba ukiongeza dawa mara mbili, madoa hutoka yenyewe bila kusugua, na mtu anaweza kukaa kivulini akisubiri. Mama Mashuka alipolisikia lile karai linavyonuka alipiga kelele.

"Punguza dawa, utazichana nguo za watu! Nguo hazivumilii dawa namna hiyo!"

"Lakini si zinatakata?"

Naye akaendelea kuongeza akimwona ameangalia pembeni. Zilitakata kweli, na pesa ya kodi ikapatikana, na miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Mama Mashuka aliinua dole gumba kwenye mwanga wa mlango, akaona michirizi, myembamba kama ya mtoto mchanga. Alikaa akiitazama muda mrefu. Siku hiyo hiyo simu ya Kamanda ilipokea ujumbe: karatasi zake zimefika mwisho wa safari, naye aende kusomwa vidole.

Wakaenda pamoja, wamependeza, Kamanda amevaa koti. Karani alimwona Mama Mashuka akajiweka sawa kwenye kiti kama anayesubiri kofi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete hicho kidude chako."

Aliweka dole gumba. Taa ya kijani. Akaweka la pili, kijani. Foleni nyuma, waganga wote wale, ikapiga makofi.

"Malipo ya kwanza yataingia mwezi ujao, mama," karani alisema. "Hongera. Haya, mzee, zamu yako."

Kamanda aliweka dole gumba. Nyekundu. Akalifuta kwenye koti, akaliweka tena. Nyekundu. Vidole vyote kumi vikapita pale, na kimashine kikavikataa vyote, bila upendeleo.

"Haisomi, mzee," karani alisema kwa sauti ndogo. "Itabidi upumzishe mikono. Kama miezi miwili hivi."

Mama Mashuka alipandwa na hasira zake zote kwa mpigo. Alifungua kinywa awape wanachostahili, karani, na mfumo, na hospitali iliyomfulisha miaka yote bila glavu. Akaushika mkono wa mumewe ili auoneshe kwa watu wote.

Ncha za vidole zilikuwa nyororo. Ngozi ilikuwa imechubuka katikati ya vidole, wekundu umeingia hadi kwenye kucha, na Kamanda alikuwa hajasema neno. Miezi miwili Mama Mashuka mwenyewe alikaa kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kwenye karai, akizihurumia nguo za watu. Glavu hazikumpitia akilini hata mara moja.

Akafunga kinywa, akamtoa mumewe nje bila kumtukana mtu.

"Inawasha?" alimuuliza mumewe walipokuwa nje.

"Kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Wewe miaka yote ulisema," Kamanda alijibu. "Ilisaidia nini?"

Walitembea, Mama Mashuka akiwa bado ameushika ule mkono. Pale kona akaingia dukani.

"Nipe glavu za mpira," alimwambia mwenye duka. "Zile ndefu. Jozi mbili."

"Unalipa?"

"Niandikie. Pensheni yangu ya kwanza inaingia mwezi ujao."

Mwenye duka alizishusha zile glavu kutoka rafuni, lakini hakuziachia. Alimtazama Mama Mashuka, akamtazama Kamanda aliyesimama mlangoni na mikono yake mifukoni.

"Mwezi ujao upi, shoga yangu?" aliuliza.