Shule Ilifungwa, Ufuta Haukufungwa

Mwaka ule wa korona shule zilipofungwa, dada yangu alikuwa na ufuta unaoiva Mandawa, watoto wawili wadogo, na mume hana. Ufuta haungoji umalize shida zako. Ukichelewa kuukata, maganda yanapasuka yenyewe, mbegu zote chini, mwaka umeisha. Na huyo dada ndiye aliyenilea. Kwa hiyo kama unataka niwaheshimu wale wazee wa kikao, hapa umepotea.

Dada aliomba kitu kidogo. Darasa moja libaki wazi, watoto wakae mbalimbali, akina mama wapokezane zamu ya kuwaangalia mpaka mavuno yaishe. Madirisha yenyewe hayana vioo, upepo unapita mchana kutwa. Kikaitishwa kikao. Na kikao cha kukataza watoto wasikusanyike darasani kilifanyika wapi? Darasani. Watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, tunapumuliana.

Mwalimu akasema, "Shule ni ya kusomea. Mimi siyo yaya."

Wa kwake alishawapeleka Nachingwea kwa shemeji yake mwenye msichana wa kazi. Nikamuuliza, "Na wanafunzi wakikuchotea maji, mwalimu, hilo linakuwa somo gani?" Dada akanivuta shati.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, bingwa wa kumaliza mambo ya wenzake, akafunga hoja: "Tatizo liko wapi? Wapelekeni kwa bibi zao."

Wanaume wakaitikia kama kaleta dawa. Ugonjwa unaua wazee, na akili yao ni kuwapelekea wazee watoto wanaoshinda wamejazana kisimani. Mama yetu yuko Likunja, ana pumu. Dada akasema pale pale, "Mama yangu simpelekei." Akaambiwa ana kiburi.

Akaenda na watoto shambani. Ufuta tunaukata, tunaufunga matita, tunayasimamisha yakauke. Yakikauka unatandika turubai, unageuza tita kichwa chini, unakung'uta. Siku hiyo dada anakata upande wa pili, mimi nabeba, binti yake wa darasa la kwanza akaona amsaidie mama. Akageuza matita, akakung'uta vizuri kabisa, moja baada ya jingine. Turubai hakutandika. Tulipofika anatuonyesha, anacheka, mbegu zimelala mchangani.

Dada hakumpiga. Alikaa chini akaanza kuchekecha, mchanga na ufuta, mpaka jua likazama. Nani atanunua ufuta wa mchanga?

Kesho yake nikaegesha bodaboda yangu ninayoendesha kwa riziki, nikakaa na watoto kwenye kibaraza cha shule ili dada awahi ule uliobaki shambani. Wenzangu wa kijiweni wakanipata.

"Yaya, vipi, umeshanyonyesha?"

"Njoo na wewe, maana kwenu hukushiba."

Baadaye akina mama wengine wakaleta wa kwao. Nikawagawa, kila mtoto na nguzo yake, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Mwalimu anachungulia kutoka dirishani kwake. Ufunguo wa darasa hakutoa. Dada akawahi kukata uliobaki, angalau mbegu ya mwaka unaofuata ikapatikana.

Kisha asubuhi moja namwona mjumbe anakuja, kamshika mwanae mkono.

"Dogo, nishikie huyu mpaka mama yake atoke shamba."

"Bibi yake si anakaa kwako, mzee?"

Akaangalia pembeni. "Anakohoa tangu juzi."

Maneno nilikuwa nayo, nimeyatunza tangu kikao, mengine hayaandikiki. Ila mtoto ananitazama, na yeye hakuwepo kwenye kikao. Nikamnawisha, nikamkalisha nguzo ya mwisho, mbali na wenzake.

"Mtoto kapata pa kukaa," nikamwambia baba yake. "Sasa rudi kwa mama yako, kamchotee maji, kamkalishe akohoe vizuri."

"Sawa, sawa, bwana mdogo."

Nikamfuata kwa macho. Alipofika njia panda ya nyumbani kwake hakukata kona. Alinyoosha mpaka kijiweni, akavuta kigoda, akaanza kupanga kete za bao.