Mche Alioukataa Bi Oliva

Mtaani kwetu Capo, mjini Palermo, mwanamke aliyenunua pomelia bila kumuuliza Bi Oliva alijitakia mwenyewe. Angeuweka mti wake roshani, aumwagilie, ajisifu kwa majirani, halafu Bi Oliva apite chini, ainue uso, atikise kichwa na kuendelea na safari yake. Mwenye mti hakuwa na raha tena. Mimi nilikaa ua mmoja na Bi Oliva tangu nilipoolewa. Roshani yake ilikuwa juu ya jiko langu, na maji ya miti yake yalinidondokea kwenye kamba ya nguo kiangazi chote, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuambiwa na mtu.

Riziki yake ilikuwa pasi. Alipiga pasi mashati ya watu tangu usichana mpaka uzee, na kazi hiyo ilimpa vidole vigumu kama vya fundi viatu. Hakuolewa. Wachumba walikuja, lakini mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu, na Bi Oliva hakutaka kumwacha. Alichokipenda nje ya nyumba ile ni pomelia tu: vile vishina vinene vya kijivu, maziwa yanayotoka ukikata tawi, na yale maua meupe yenye moyo wa njano yanayoifanya Palermo nzima inukie jioni za Julai.

Ungemwona sokoni siku za miche ungecheka. Kwanza aliusukuma mti kwa kidole aone kama unayumba ndani ya chungu. Ukiyumba, alimwambia muuzaji kwamba huo hauna mizizi, umechomekwa jana. Kisha alibonyeza shina kwa dole gumba, toka chini kwenda juu, polepole. Shina gumu alilisifu. Shina linalobonyea, lenye uwazi ndani, aliliacha hapo hapo na kujifuta kidole kwenye aproni. Aligeuza majani kutafuta ule unga wa rangi ya manjano ya kupikia, maana ukiwapo chini ya jani ujue mti una kutu. Na kama ilikuwa majira ya baridi, alikuwa na kazi moja zaidi.

Kwetu baridi ikiingia tunazivisha ncha za matawi maganda ya mayai zisiungue. Ni kazi nzuri ya kukinga, lakini ganda hilo hilo humficha mwizi. Muuzaji mjanja huweza kuuza mti uliokufa ncha zote ukiwa umevaa maganda yake safi, na mnunuzi asijue mpaka Aprili. Bi Oliva aliyavua moja moja, huku akimtania muuzaji: "Ngoja nimfunue bibi harusi nimwone uso. Usije ukaniozesha maiti." Chini ya ganda ncha nyeusi kama kijiti cha kiberiti kilichoungua ilimaanisha mti urudi ulikotoka. Ncha ya kijani, lipa uondoke nao. Sikuwahi kumwona akikosea, na nilimwona akifanya hivyo kwa miaka mingi.

Lakini wengi wetu hatukuwa na haja ya kununua. Pomelia ni ya mama kumpa binti. Siku unayoolewa mama yako anakukatia tawi kutoka kwenye mti wake, nawe unakwenda kulipanda kwako. Mama yake Bi Oliva alikuwa na mti wa aina hiyo, mkubwa, kwenye debe kuukuu la mafuta ya zeituni. Mama huyo alizaa mabinti wawili: Oliva mkubwa na Ninfa mdogo. Ninfa aliolewa na mvuvi huko Sferracavallo, akapata binti mmoja, Giusi.

Mama alipofariki, wageni wa msiba hawajamaliza kahawa, Ninfa na mumewe waliubeba ule mti wakaupakia kwenye kigari chao cha magurudumu matatu. Bi Oliva alitoka chumbani akakuta alama ya duara tu sakafuni. Alishuka ngazi mbio. Mimi nilikuwa mlangoni. Alimuuliza mdogo wake kwa upole mti huo nani ameumwagilia miaka yote hii. Ninfa alikuwa amelia sana siku ile na nadhani hakujua anasema nini, ila alilisema mbele ya watu.

"Mimi nina binti, Oliva. Wewe utamrithisha nani?"

Bi Oliva alipanda ngazi, akafunga mlango, na toka siku ile jina la Ninfa halikutajwa kwenye ua wetu. Nilijaribu mara moja kulitaja, nikaambiwa nikaangalie panelle zangu zisiungue. Basi nikaziangalia. Mimi ndizo ninazouza pale kwenye kona ya soko, dengu zilizosagwa na kukaangwa, na mtu wa kukaanga hakosi kisingizio cha kufunga mdomo.

Miaka ikapita. Ukaja mwaka wa mvua nyingi, mvua za Januari na Februari ambazo ziliozesha pomelia nusu ya mji. Mwezi wa Machi, asubuhi, nilikuwa jikoni kwa Bi Oliva nikimsaidia kukunja mashuka, akaingia Gaspare, yule muuza samaki anayetoka Sferracavallo. Alikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwenye gazeti. Akasema kimetoka kwa Ninfa, na kwamba Ninfa hakusema neno zaidi ya "Mpelekee Oliva."

Lilikuwa tawi moja la pomelia, nene, limekatwa sawasawa, na ncha yake imevaa ganda la yai.

Nilimtazama Bi Oliva. Kwa muda mfupi uso ulimlainika, nikajua analitambua. Gome la mti wa mama yao lilikuwa na mistari yake, hata mimi niliijua. Kisha nikaona hasira ikimpanda kutoka shingoni. Alilishika tawi, akalibonyeza mara moja tu, katikati. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana, ikabonyea kidogo. Akalinusa, akakunja pua.

Nilimwambia akate kidogo tuone kama lina maziwa. Nilimwambia tawi lililokaushwa kivulini kabla ya kupandwa hujikunja ngozi, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Akaniuliza tangu lini mkaanga dengu amekuwa daktari wa miti. Ninfa, alisema, amekaa kimya miaka yote hii, na leo amemtumia takataka amcheke.

Akalirudishia gazeti lake, akampa Gaspare. "Mwambie umeoza," akasema.

Naomba msomaji anielewe. Mwanamke huyu aliyevua maganda ya mayai ya watu wasiomhusu, ya wapita njia, hakulivua lile. Na ile harufu aliyoinusa ilikuwa ya dagaa. Tawi lilisafiri kutoka Sferracavallo juu ya makasha ya samaki, lingenukia nini? Kila mtu pale jikoni alinuka dagaa, nikiwemo mimi niliyekuwa nimemkumbatia Gaspare kumsalimu. Lakini mtu akishaamua amekosewa, pua nayo humtii.

Gaspare aliniambia baadaye kwamba alipofikisha maneno yale, Ninfa alimuuliza: "Nani ameoza, mche au mimi?" Gaspare akainua mabega. Yeye ni mtu wa samaki. Ninfa akalichukua tawi, akaingia ndani.

Giusi alipoolewa tuliletewa vipeto vya lozi za harusi kwa mkono wa Gaspare huyo huyo. Bi Oliva alikuwa amealikwa na hakwenda. Alizila zile lozi usiku mmoja, peke yake, nami niliona sahani asubuhi.

Ukweli tuliupata tumeshazeeka. Giusi alikuja sokoni, mwanamke mzima mwenye watoto, akanisalimia kwenye kona yangu na kuniuliza kama mama yake mkubwa angekubali kumwona. Nikampandisha ngazi mwenyewe bila kuomba ruhusa. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na mkoba wake magotini, akaeleza kwamba mama yake anasahau. Ilianza na funguo, ikaja majina ya wajukuu, na sasa kuna siku hamjui hata yeye Giusi. Alifikiri mama mkubwa angependa kujua.

Bi Oliva akamuuliza mti wa bibi yake uko vipi. Lilimtoka tu, nadhani. Giusi akashangaa. Akasema ule mti ulikufa zamani, mwaka wa mvua. Ulioza kuanzia shinani, wakauona mweusi na maji yakitoka, na likabaki tawi moja tu zima. Mama yake alilikata, akalikausha kivulini kama inavyotakiwa, akasema Sferracavallo hakuna mtu wa kuliokoa, anayeweza ni Oliva peke yake. Ndipo akampa Gaspare.

"Liliporudi akalia, akalipanda hivyo hivyo," Giusi akasema. "Alisema hata kama umeoza, ni wa mama. Umekua, mama mkubwa, unafika kwenye paa. Kila mwaka majani yakidondoka anasema safari hii unakufa. Mimi siku ya harusi alikataa kunikatia. Alisema hawezi kumpa mwanawe ugonjwa."

Bi Oliva alikuwa na pasi mkononi. Nilimnyang'anya kabla haijaunguza shati la mtu. Aliniomba siku ile ile tufuatane mpaka Sferracavallo, maana alitaka kuifuta kauli yake wakati mdogo wake angali na masikio ya kuisikia. Ndani ya basi alinung'unika njia nzima maneno aliyokuwa akiyapanga, akianza, akifuta, akianza tena. Nilimhurumia mpaka nikatazama dirishani.

Ninfa alikuwa roshani, kwenye kiti cha majani, amevalishwa vizuri na kuchanwa nywele. Alituona, akatabasamu tabasamu la mwenye nyumba kwa wageni asiowajua, akamwambia Giusi atuletee kahawa. Bi Oliva alisimama mbele yake, akalitaja jina lake, kisha lake mwenyewe. Ninfa akaitikia kwa furaha kwamba naye ana dada aitwaye Oliva.

Nyuma yake ulisimama ule mti. Sijaona pomelia nzuri kama ile kabla wala baada. Maua yalikuwa yamejaa, majani yana afya juu na chini, shina gumu la kijivu lenye mistari yake ile ile.

"Wewe unajua miti, mama?" Ninfa akamuuliza dada yake.

"Kidogo," Bi Oliva akasema.

"Basi niangalizie huu. Unaumwa, maskini."

Bi Oliva akainama. Alianza chini kabisa, pale udongo unapoanza, akabonyeza kwa dole gumba akipanda, akizunguka kila tawi, hakuruka mahali. Aligeuza majani. Alipomaliza machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Mzima," akasema. "Ulikuwa mzima tangu mwanzo."

Ninfa akacheka, bila ubaya, kama unavyomcheka mgeni aliyetia chumvi kwenye kahawa. "Aa, mama, hapo umekosea. Dada yangu alisema umeoza."

"Dada yako ndiye aliyekosea. Alikuwa na hasira na wewe."

Hapo Ninfa akaacha kucheka. Alijikaza kwenye kiti akakaa wima, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona Ninfa wa zamani, yule wa kwenye kigari cha magurudumu matatu.

"Sikiliza, mama. Umekaribishwa kahawa, kunywa kahawa yako. Dada yangu usimseme nyumbani kwangu. Capo nzima wanamwendea yeye. Na dada yangu akishika mti, hana hasira na mtu."

Giusi, masikini, alidhani atasaidia: alileta kisu akasema basi mama mkubwa amkatie tawi moja, hata sasa si vibaya, naye apande kwake. Ninfa alipokiona kile kisu akanyanyuka na kulikumbatia shina kwa mikono miwili. Akamwambia binti yake kwa sauti ya kubembeleza kwamba hapana, mwanangu, huu si wa kumpa mtu, nitakutafutia mwingine mzuri. Tulirudisha kisu jikoni. Tukanywa kahawa, tukazungumzia joto.

Kituoni tulisubiri sana. Bi Oliva alikaa kwenye ukuta mfupi, mikono mapajani. Basi lilipofika nilimshika kiwiko kumpandisha, akageuka kunitazama.

"Umemsikia alivyonitetea?" akaniuliza.

Nikamwambia nimemsikia.