Kuku Aliye Ndani ya Simu

Kabla simu hazijajifunza kuimba, mtaa mzima ulimtegemea Mama Kanda. Chumba cha mlango mmoja, redio ya kaseti mbili, na kiti cha mteja kilichokaliwa mpaka kikaota shimo. Ukitaka nyimbo, anakurekodia. Ukitaka kumsalimu ndugu wa mbali na kuandika hujui, unakaa kitini, unasema yako, kanda inakwenda badala ya barua.

Siku hizi nyimbo zimo simuni, salamu nazo zimehamia humo humo. Wifi yake hakuacha kumchokoza. "Wifi, hizo kanda zizike, tuweke jokofu tuuze maji."

"Jokofu linajua kuimba?"

Asubuhi moja akaingia jirani yake, fundi cherehani, amebeba kanda kama kifaranga. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, akiwaimbia wanawe.

"Dada yangu wa ng'ambo anaililia. Anasema kicheko cha mama kimeanza kumtoka akilini. Duka la simu wameikataa, utepe umekatika."

"Lete, mwanangu. Niliirekodi mimi hiyo, nitaimaliza mimi."

Akakata ncha za utepe mshazari kwa wembe, akaziunga kwa selotepu, akaukaza kwa penseli taratibu, kama anayemsuka mtoto mwenye usingizi. Akaiweka simu yake mbele ya spika ili irekodi. Sauti ikatoka. Fundi akainamisha kichwa.

Mara simu ikaita, kurekodi kukakatika. Alikuwa wifi.

"Wifi, jokofu nimelipata."

Akakata simu. Kwenye kichwa cha redio, pale utepe unapopita, palibaki unga wa kahawia. Utepe ulikuwa unababuka.

"Basi tuache, mama," fundi akasema. "Tusije tukaimaliza."

"Tukiiacha kabatini itajimaliza yenyewe. Kosa ni langu. Zamani nilikuwa sirekodi mpaka nifukuze kuku uani. Kumbe kuku wa siku hizi yumo ndani ya simu."

Akang'oa laini ya simu, akaiweka chini ya kikombe. Akafuta kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, akafunga mlango, akabonyeza tena.

Wimbo ukapita wote, na kicheko nyuma yake. Kilipokwisha, utepe ukajikunja, ukakatika. Hawakujali tena.

Laini ikarudishwa, wimbo ukaenda ng'ambo. Hata chai haijapoa, dada akajibu kwa ujumbe wa sauti. Alicheka tu, na kicheko kilikuwa kile kile cha mama yao. Fundi akakisikiliza mara tatu.

Jioni ile Mama Kanda akachukua brashi na rangi, akaandika mlangoni kwa herufi za darasa la saba, zilizonyooka: LETENI KANDA ZENU. SAUTI ZINAHAMIA SIMUNI HAPA.

Wifi akasimama akasoma. "Na jokofu langu?"

"Lilete. Wanaongoja zamu watakunywa maji. Ila ukija, simu yako uiache nje na kuku wenzake."