Kashata za Ishirini na Nne

Juzi binti yangu alinisogezea daftari lake la hesabu akiwa amenuna. Ameambiwa aandike ishirini na tatu kwa namba za Kirumi, kisha ataje vigawo vyake. "Mama, hii namba ina roho mbaya," akalalamika. "Inagawanyika kwa moja na yenyewe tu!" Nikacheka, maana ishirini na tatu naijua, rafiki yangu. Ilishawahi kunitoa jasho uani kwa bibi, Tabata, kisu kikiwa mkononi.

Enzi hizo hesabu nilikuwa naziweza, na sioni haya kusema. Mwalimu wetu, mtu wa Moshi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alipenda kuandika XXXVI au XLVIII ubaoni halafu atuulize vigawo. "Ivueni koti kwanza!" alifoka. Kweli, ndani ya zile X na V huoni kitu. Sharti uirudishe kuwa namba ya kawaida ndipo ujue inagawanyika kwa ngapi. Wenzangu wakihangaika na vidole, mimi nimeshanyoosha mkono.

Ila sifa niliyoitaka haikuwa ya darasani. Nilikitaka kisu cha bibi.

Kila Alhamisi bibi alipikia watoto wa mtaa kashata za nazi, wa madrasa na wa kanisani pamoja. Nazi ilikaukia kwenye sukari na iliki, mwiko ukigonga sufuria, sisi mate yanatutoka. Kisha alimwaga yote kwenye trei na kusawazisha. Hapo ndipo penye kazi: ukate ingali moto, vipande sawasawa, vitoshe wote. Ikipoa inameguka, na atakayepewa kipande kilichovunjika atalia hadi magharibi. Bibi alitupa jicho moja tu mkekani tulipoketi, akachora mistari. "Kashata haimsubiri anayefikiri," alisema, na kisu hakumpa mtu.

Nilimwandama hadi akachoka. "Haya, chukua. Leo tukione hicho kiherehere chako."

Nikahesabu watoto walioketi, nikaandika XXIV mchangani kwa mbwembwe, nikaivua koti. "Nne kwa sita!" Nilipochora mstari wa kwanza tu, jirani akapaza sauti ng'ambo ya ukuta, akimwita binti yake akakinge maji, bomba limeanza kutoa. Binti akaondoka huku anaitazama trei. Nikafuta mchanga, nikaandika XXIII. Namba tasa! Trei inapoa, watoto wananikodolea macho, na mimi nawaza nitakavyonyang'anywa kisu mbele yao.

"Bibi, haigawanyiki."

"Nani kakwambia ugawie waliopo tu?" Hata hakuinuka kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi. "Kata vilevile. Aliyeondoka yumo kwenye hesabu."

Nikakata. Kipande kilichobaki bibi alikifunga kwenye karatasi, akanituma nikipeleke bombani. Yule binti alikila amesimama kwenye foleni ya ndoo, anacheka. Tangu siku hiyo kisu kikawa changu, na mtu asikudanganye, sikuharibu trei hata moja.

Uani pale sasa pamejengwa fremu za maduka. Watoto wananunua kashata zilizofungwa kwenye nailoni, kila mmoja na yake, hakuna wa kumsubiri wala wa kumwekea. Bibi naye alishatangulia mbele ya haki. Namkumbuka sana, hasa nikisikia harufu ya iliki.

Jumapili ndugu walikuja kwangu, tukawa kumi na mmoja sebuleni. Nikapika. Nikachora mistari kwenye trei, tatu kwa nne, binti yangu ananichungulia begani.

"Mama, umekosea. Tuko kumi na mmoja."

"Najua," nikamwambia, nikampa kisu. "Kata, inapoa."