Salamu Mpaka Thelathini na Saba

Kalista alikulia karibu na Iringa, katika nyumba ambamo barua zilisikilizwa. Kaka yake Joachim, fundi cherehani wa Mwanjelwa, Mbeya, alituma sauti yake nyumbani kwa kaseti, mkononi mwa kondakta wa basi. Upande mzima wa kwanza ulikuwa salamu: shangazi, majirani, mbwa. Habari yenyewe, kwamba ameoa, ilikuja mwishoni mwa upande wa pili, mkanda ukikaribia kwisha. Mama yao aliridhika. Anayeanza na shida kabla ya salamu, alisema, amelelewa na fisi.

Akiwa na malezi hayo, mwaka 1979, Kalista aliajiriwa kuwa karani wa josho la ng'ombe, nje kidogo ya Igawa. Mtaalamu wa kigeni, Bwana Henrik, alikuwa ameleta kompyuta kutoka kwao. Ilikuwa na usahaulifu wa kuhuzunisha: jenereta ikizimwa, yote iliyoambiwa yalitoweka kama ukungu wa Usangu jua likipanda. Basi ikapewa redio kaseti iwe kumbukumbu yake. Ulichomeka waya, ukabonyeza vitufe, na majina ya ng'ombe yakaingia kwenye mkanda yakiwa milio.

Mzee Budeba, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, aliomba kuisikia. Henrik akachomoa waya. Ukatoka mlio kama bati linalokwaruzwa kwa panga.

"Huyo ni Kabula," alisema Budeba. "Ana mimba."

"Mzee, hiyo ni orodha tu," alisema Kalista.

"Binti, mimi ndiye niliyemzalisha mama yake. Huyo ni Kabula."

Henrik aliiamini kaseti kiasi kwamba madaftari ya zamani ya ng'ombe alimpa muuza karanga wa barabarani, afungie karanga. Jumatatu akamwachia Kalista aihifadhi orodha mpya peke yake: ng'ombe mia mbili na kumi na sita.

Alhamisi akaja Mzee Lutengano, mkubwa wao kutoka Mbeya, na neno lake lilikuwa fupi. Orodha ikionekana, kazi inaendelea. Isipoonekana, mashine irudi kwao na karani arudi kwao.

Kaseti ikazungushwa, Mzee Budeba na wafugaji wengine wakitazama. Kioo cha kompyuta kikabaki kitupu. Mara ya pili, kitupu. Mara ya tatu, Kalista alianza kuona jembe la mama yake.

"Ng'ombe wako wapi?" aliuliza Lutengano.

"Wanakuja," alisema Henrik, jasho likimtoka.

"Kwa miguu?"

Henrik akachomoa waya asikilize kulikoni. Ikatoka sauti ya Kalista, tulivu, ya adabu.

"Kamwene. Hamjambo nyote mliopo hapo?"

"Hatujambo!" chumba kizima kikaitikia, Lutengano akiongoza.

"Na watoto?"

"Wazima!"

"Huku mvua imenyesha. Kompyuta, pole na kazi. Sasa nakupa ng'ombe."

Kisha bati likaanza kukwaruzwa.

Henrik alimgeukia taratibu. "Kalista. Umeisalimia mashine?"

"Kabla sijachomeka waya, Bwana Henrik. Ulitaka nianze na ng'ombe hivihivi?"

"Basi imekwama kwenye salamu, haijui sauti ya mtu," alisema Henrik. Akarudisha mkanda mwanzo, akasikiliza tena, jicho kwenye tarakimu ndogo za redio zinazohesabu mkanda. Salamu ziliishia thelathini na saba. Akasimamisha hapo, akachomeka waya, akabonyeza.

Nyota mbili zikapepesa pembeni mwa kioo, ishara kwamba mashine inasoma. Halafu ng'ombe wakaanza kushuka, mstari kwa mstari, wa Budeba wakitangulia. Lutengano aliwahesabu kwa kidole mpaka wa mwisho.

"Karani abaki," alisema. "Na mashine ibaki, maadamu imepata mtu wa kuilea. Salamu inajibu?"

"Bado, mzee. Inajifunza," alisema Kalista.

Kalista akaandika kwenye kaseti kwa wino mwekundu: *Salamu mpaka 37*. Mzee Budeba alikuwa bado ameinama mbele ya kioo, akitafuta.

"Kabula namwona. Mimba yake siioni."

"Haimo, mzee."

"Basi iongeze," alisema. "Lakini mashine uisalimie kwanza."